Mwizi Aliyekunja Mifuko

Mwizi mwenye haraka hakunji mifuko. Hilo ndilo jambo la kwanza alilolisema Inspekta alipochuchumaa chini ya mpera, na kwa kuwa magoti yake hayakuwa tena ya kuchuchumaa ovyo, alikaa pale pale akaitazama vizuri kabla ya kuomba mkono wa kumwinua.

Ilikuwa mifuko ya karatasi ya kaki, ile ambayo kila pera huvishwa likiwa bado kijani ili nzi wa matunda wasilitoboe. Mapera hayakuwepo. Mifuko ilikuwepo yote, imekunjwa mara mbili mbili kama nguo za mtoto, imepangwa, na juu yake limewekwa jiwe ili upepo usiitawanye.

“Umeona hii, Sajini?”

“Dimeona, Shangazi,” alijibu Sajini kwa sauti ya mtu aliyetumbukia kisimani. Alikuwa mwanamume mkubwa na mafua yake yalikuwa makubwa kama yeye. Tangu juzi leso haikumtoka mkononi. Jina la Shangazi, Inspekta alipewa na kituo kizima cha polisi, na hata wale aliowafunga walipotoka waliendelea kumwita hivyo hivyo.

Aliinuliwa, akavaa miwani, akavuta tawi. Kila kikonyo kilikatwa kwa mkasi mkali, mshazari, na pale palipokatwa pamepakwa dawa nyeupe, kidogo tu, kama unavyompaka mtoto dawa kwenye mkwaruzo.

“Hii ni nini?” alimuuliza msichana mrefu aliyesimama kando, koti lake jeupe limejaa madoa ya utomvu. Huyo ndiye mtafiti wa mapera. Pale kwenye kituo cha utafiti wa matunda wote walimwita Binti, ingawa alikuwa na shahada ya kutundika ukutani.

“Dawa ya kidonda cha mti. Tukikata tunapaka, ugonjwa usiingie.”

“Mnapaka wote?”

“Tunafundishwa wote. Anayekumbuka kila kikonyo ni nadra.”

“Wewe unakumbuka?”

“Mimi nakumbuka.” Binti aliyatazama matawi matupu. “Lakini mimi sikuyachuma, Shangazi. Huu ni uzao wake wa kwanza. Mama yake huu mti ana mbegu laini ila hanukii. Baba yake ananukia mpaka barabarani, lakini mbegu zake ni changarawe. Nilichukua chavua ya huyu nikaipeleka kwa yule, kwa brashi, ua kwa ua. Nimengoja miaka nione mtoto kamfuata nani. Leo alasiri ndiyo tulikuwa tuonje.”

Kwenye shina la mpera palifungwa utepe mwekundu. Shangazi aliushika.

“Na huu?”

“Huo ni wa mti ambao bado haujahukumiwa,” alijibu mwingine badala yake. Mkurugenzi wa kituo alikuja akitembea upesi, kalamu mbili mfukoni. “Jopo la waonjaji likiupitisha mti, tunaufungua utepe. Likiukataa, shoka. Zamani tulikuwa na sheria kwamba mti usioonjwa haukatwi, unasubiri msimu mwingine. Lakini ardhi yangu ni hii unayoiona, Inspekta, na miche mingine inanisubiri. Nimeamua asubuhi hii. Alasiri jopo likikutana na mezani hakuna tunda, mti unaondoka, na mlinzi naye anaondoka. Mlango wa bustani haukuvunjwa. Ufunguo ni mmoja, na anao yeye.”

Sajini alisogea karibu na sikio la mkubwa wake. “Shangazi, ni huyu Binti. Aliogopa mti wake utashindwa, akauficha mtihani.”

“Mwenye kuogopa mtihani hulia kabla,” Shangazi alimjibu polepole. “Huyu macho yamemvimba asubuhi hii, baada. Twende kwa mwenye ufunguo.”

Mwenye ufunguo aliitwa Kufuli. Si kwamba hilo lilikuwa jina lake, ila alikuwa na mazoea ya kufunga mlango, kuondoka, kisha kurudi kuutikisa, na mkewe alisema hata ndotoni hutikisa. Alikuwa tayari ameanza kukusanya vitu vyake katika kijumba cha langoni: sufuria mbili zimefungwa kwenye shuka, redio, viatu vya mwanawe wa mwisho.

“Jana jioni ulimfungulia nani?” Shangazi aliuliza.

“Hakuingia mtu.”

“Hata mmoja?”

“Mtu wa kuitwa mtu, hakuingia.”

“Na haya?” Mkurugenzi alinyoosha kidole kwenye kapu mlangoni. Lilijaa mapera mabivu.

Mke wa Kufuli alitoka na mtoto kiunoni. “Hayo ni ya mti wa huku nyuma, bosi. Tangu tuhamie tunayala. Ungeuliza tungekupa, hata usingetuma polisi.”

Shangazi aliinama juu ya kapu. Alichagua pera moja, akalifuta kwenye mkono wa sare, akaling'ata. Wote walisikia kitu kikigota. Akasimama kidogo, mkono shavuni, akitafuta kwa ulimi.

“Pole, Shangazi,” alisema mke wa Kufuli. “Yana mbegu hayo. Sisi tunameza bila kutafuna.”

“Ungeniambia mapema, mwanangu. Jino hili si langu, ni la daktari.” Alimpa Binti nusu iliyobaki. “Hili ni lako?”

Binti aliitazama nyama nyeupe, akabonyeza mbegu kwa ukucha. “Hapana. Langu moja lilianguka bado changa, nikalikata. Nyama yake ni ya waridi, na mbegu ni chache, ukizibonyeza zinapondeka kama punje za wali.”

“Basi huyu si mwizi wa mapera,” Shangazi alimwambia Mkurugenzi.

“Ni mzembe wa ufunguo, basi. Alasiri ni alasiri.” Akaenda zake.

Kufuli alikaa juu ya mzigo wake. Hakulalamika. Alisema tu, “Huu mlango nimeutikisa kila siku, Shangazi,” kisha akaangalia chini.

Walipokuwa wakirudi kwenye jengo la ofisi, Shangazi alimuuliza Binti ni nani aliyemfundisha kupaka dawa kwenye kila kikonyo. 

“Mzee Pua.”

“Pua?”

“Ndivyo tunavyomwita, na mwenyewe anapenda. Ndiye mkuu wa jopo. Hapa hakuna mtu anayepeleka tunda mdomoni kabla yeye hajalinusa. Hufumba macho, hulizungusha chini ya pua, halafu husema, ‘Hili lina asali mbele na majani nyuma,’ au, ‘Hili limelala na vitunguu ghalani.’ Na kweli utakuta lililala. Akishasema yeye ndipo sisi tunakata na kuonja. Mimi nilikuja hapa sijui kushika mkasi. Yeye ndiye baba yangu katika kazi hii.”

Ofisi ya Mzee Pua ilikuwa chumba chembamba chenye dirisha moja, rafu mpaka darini, na kabati la mbao pembeni. Kwenye rafu palikuwa na kila kitu ambacho pera linaweza kuwa: chupa za jamu, vipande vilivyokaushwa kama ngozi ya kiatu, majani ya kutengeneza chai, na kichupa cha mafuta ya mbegu. Mzee mwenyewe alikuwa mwembamba, ndevu nyeupe zimekatwa vizuri, na alisimama kuwapokea wageni kama watu wa zamani wanavyofanya.

“Karibuni, karibuni. Samahani sikutoka nje. Nimejifungia na ripoti tangu alfajiri.”

Chumba kilinukia mapera. Shangazi alikaa, akavuta pumzi, akavuta nyingine. Haikuwa harufu ya jamu wala ya majani makavu. Ilikuwa harufu ya tunda bivu lililochumwa jana, tamu, nzito, inayokaa kooni kama wimbo.

Chai ililetwa kwenye trei na mama wa jikoni, ambaye watu walimwita Da' Birika. Shangazi alipiga funda moja akakirudisha kikombe taratibu. Maziwa yalikuwa yameungua. Binti alikuwa amekwisha kukisogeza chake mbali. Sajini alikunywa, akashukuru, akapenga. Mzee Pua naye alikunywa akiongea, funda baada ya funda.

“Pera halitupwi kitu,” alisema. “Jamu yake huganda yenyewe, huhitaji kuibembeleza. Majani ni chai. Watu wanadharau mpera kwa sababu unaota popote. Kitu kinachoota popote ndicho cha kuheshimu, si ndiyo, Inspekta?”

“Ndiyo. Mzee, leo humu ndani mmeweka matunda mabivu?”

“Hapana,” alijibu, macho usoni mwa Shangazi, bila hata kugeuka. “Matunda mabivu hayaingii humu siku ya kuonja. Yangeniharibia pua.”

“Unafikiri nani kayachukua?”

“Popo. Au ngedere. Mwaka huu wamezidi.”

“Popo,” Shangazi alirudia, akaandika. “Ahsante kwa chai.”

Nje kwenye ukumbi alimshika Sajini mkono. “Umesikia harufu humo ndani?”

“Harufu gadi? Shangazi, bimi leo hata ukidiwekea kitunguu kwenye tundu la pua sitajua.”

Shangazi alisimama. Akamtazama Sajini kwa muda mrefu mpaka Sajini akajifuta mdomo akidhani ana makombo.

“Na chai ilikuwaje?”

“Dzuri. Tabu.”

“Nenda kaisubiri gari kivulini, mwanangu. Na unywe maji ya moto.”

Jikoni, Da' Birika alikuwa akimwaga chai kwenye beseni, uso umekunjamana. “Usiniambie, Shangazi, najua. Niligeuka kuchukua sukari, maziwa yakashika chini. Vikombe vyote vimerudi vimejaa, isipokuwa viwili.”

“Cha Sajini wangu.”

“Na cha Mzee Pua.”

“Mzee Pua hulalamikia chai?”

“Huyo?” Da' Birika alicheka. “Siku moja alinirudishia chai akasema, ‘Binti yangu, tangawizi hii umeikata kwa kisu cha samaki.’ Na ilikuwa kweli. Nilikuwa nikipika namuogopa. Lakini tangu augue ile homa hanirudishii kitu. Hata hii ya leo kamaliza. Nikawa najisifu kwamba sasa nimejua kupika.”

Shangazi alivuta kigoda akakaa. Hakuwa amechoka. Ni desturi yake: jambo likishakamilika kichwani hulikalia kidogo, kama kuku na yai, kabla ya kulitoa nje. Mwizi aliyekunja mifuko, aliyepaka dawa, aliyechuma mapera yenye harufu ya kujaza chumba kisha akayaficha ndani ya chumba hicho hicho, akakaribisha polisi wakae karibu nayo wanywe chai. Mtu mwenye pua hawezi kufanya kosa hilo. Mwenye pua angeyapeleka mbali, angefungua dirisha, angalau angechoma udi.

Alipita langoni kwanza.

“Kufuli. Jana jioni Mzee Pua aliingia bustanini?”

“Aliingia.”

“Mbona uliniambia hakuingia mtu?”

Kufuli alishangaa kweli kweli. “Shangazi, Mzee Pua si mtu wa kusema kaingia. Yule yumo humu tangu mimi sijaajiriwa. Wewe ukiulizwa nani kaingia nyumbani kwako, utamtaja mwenye nyumba?”

Alirudi ofisini peke yake, akafunga mlango, akakaa pale pale alipokaa mwanzo.

“Mzee wangu,” alisema, “popo hapaki dawa.”

Mzee Pua aliweka kalamu chini.

“Wala hakunji mifuko,” Shangazi aliongeza. “Nilikuja kukuuliza jambo moja tu. Ni tangu ile homa?”

 Nje mtu alikuwa akimwagilia miche; maji yalisikika yakipiga majani.

“Nani kakwambia?” Mzee aliuliza mwishowe.

“Chumba hiki. Kinapiga kelele tangu nilipovuka mlango. Ni wewe tu usiyekisikia.”

Mzee aliangalia kabati, kisha mikono yake. Aliinuka, akalifungua. Mapera ya Binti yalikuwa yamelazwa juu ya nyasi kavu, kila moja limepewa nafasi yake, hakuna lililomgusa mwenzake. Harufu ikatoka kama mgeni aliyechoka kusubiri.

“Yananukia?” aliuliza kwa sauti ndogo.

“Sana, Mzee.”

“Daktari alisema huenda itarudi. Nikangoja. Jamu, naitambua kwa ulimi. Machungwa nayabahatisha kwa rangi. Nimewadanganya miezi yote hii, na hakuna aliyejua, maana yalikuwa matunda tuliyoyazoea. Lakini hili?” Alinyanyua pera moja. “Hili halijawahi kuwepo duniani. Hakuna wa kumwibia jibu. Ningefumba macho mbele ya yule mtoto niseme nini? Nikisema halinukii, nimemkatia mti. Nikisema linanukia, nimemdanganya. Nikaona bora lisiwepo. Mti usioonjwa haukatwi. Msimu ujao ama pua itakuwa imerudi, ama mimi nitakuwa nimeondoka.”

“Mficha maradhi...” Shangazi alianza.

“Usinimalizie. Methali hiyo niliwafundisha mimi.”

“Basi sikiliza lingine ambalo hujalisikia, kwa kuwa ulijifungia. Mkurugenzi amebadilisha sheria asubuhi hii. Lisipoonjwa leo, mti unakatwa. Na Kufuli yuko langoni amefunga sufuria zake kwenye shuka. Anafukuzwa kwa ajili ya ufunguo.”

Mzee Pua alishika ukingo wa kabati. “Kufuli?”

“Aliniambia hakuingia mtu. Hakukuficha. Hakujua kama wewe unahesabiwa.”

Mzee hakukaa tena. Alitoa trei ya kuonjea, ile nyeupe, akaanza kuyahamisha mapera moja moja, upesi lakini kwa mikono miwili, na alipofikia la mwisho alikuwa amekwisha kuvaa koti lake.

“Unanifunga, Inspekta?”

“Mali ya kituo haijatoka kituoni. Nimeikuta kabatini mwa kituo. Mimi sijaona wizi, nimeona tunda lililowekwa mahali pasipo pake. Lakini la kusema kule ndani ni lako, silichukui.”

Jopo lilikuwa limekaa kuzunguka meza ndefu, kila mtu na kisu na kikombe chake cha maji ya kusafishia mdomo. Kufuli aliitwa asimame mlangoni. Binti alikuwa mwisho wa meza, mikono mapajani. Mzee Pua aliingia na trei, na harufu ikamtangulia; kabla hajafika mezani kila mtu alikuwa ameinua kichwa.

“Mapera niliyachukua mimi,” alisema akiwa bado amesimama. “Kufuli alinifungulia kama alivyonifungulia miaka yote. Hana kosa, na Mkurugenzi atamwambia hivyo sasa hivi, mbele yetu.”

Mkurugenzi aliugeukia mlango. “Kufuli, fungua mzigo wako,” alisema. Kisha, baada ya Mzee kuendelea kumtazama, “Samahani.”

“Niliyachukua kwa sababu pua yangu imekufa. Siwezi kuwa wa kwanza tena. Anzeni ninyi, mimi leo nitasikiliza.”

Hakuna aliyegusa kisu. Walikuwa watu wazima, wengine wana mvi, na hawakujua tunda linaanzwaje bila yeye. Ndipo Binti alipoinuka, akakata pera moja, nyama yake ya waridi ikaonekana, akazunguka meza nzima na kuweka kipande mbele ya Mzee.

“Ulimi unao, Baba?”

“Ulimi ninao.”

“Basi hukumu ya ulimi.”

Mzee alifumba macho kama zamani. Alitafuna taratibu. “Utamu uko mbele,” alisema. “Uchachu unakuja baadaye, haugombi nao. Mbegu...” Akatafuna tena, akatabasamu bila kufumbua macho. “Mbegu hizi hazina ugomvi na meno ya mtu.”

“Ningelipata asubuhi hilo,” Shangazi alinong'ona mlangoni, na Kufuli akainamisha kichwa kwa heshima ya jino.

“Na harufu?” Mzee aliuliza. “Kamfuata baba yake?”

Binti alinusa kipande chake. Alikawia. Wenzake walimngoja aseme asali, au maua, au yale maneno ya vitabu.

“Inanukia kama ofisi yako,” alisema, “siku ya kwanza nilipobisha hodi.”

Mzee Pua aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Alichukua muda kufumbua macho, na hakuna aliyemharakisha. Kisha wakaonja wote, na kila mmoja kwa zamu akamweleza harufu aliyoisikia, naye akawa anauliza, “Mbele au nyuma? Inabaki au inakimbia?” mpaka wakajikuta wananusa vizuri kuliko walivyowahi kunusa. Mkurugenzi aliuliza nani anakataa. Mikono yote ilikuwa na vipande.

Jua lilikuwa limelegea walipofika kwenye ua wa bustani. Kufuli alitoa ufunguo, akafungua, akasimama kando. Mzee Pua alikwenda mpaka kwenye mpera, akaufungua ule utepe mwekundu, akaukunja mara mbili, akauweka juu ya mifuko ya karatasi, chini ya lile jiwe.

Alipotoka, Kufuli aliufunga mlango na kuutikisa.

“Mzee,” alisema, “nikiulizwa leo nani kaingia, niseme nini?”

Mzee Pua alifikiri kidogo, mkono wake begani mwa Binti.

“Sema kaingia mtu.”